Ndege Iliondoka kwa Wakati

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliisikia kinywani mwa baba miaka mingi kabla ya kuikuta vitabuni. Baba hakuwa mfanyabiashara wala karani. Alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege, mmoja wa wale wanaume wenye fulana za kung'aa ambao abiria huwaona dirishani wakiinamia masanduku, na kuwasahau kabla ndege haijapaa. Tuliishi katika mtaa mmoja wa Embakasi, jijini Nairobi, ambako mngurumo wa ndege ulikuwa saa yetu ya ukutani. Siku zake za mapumziko, ndege ilipopita juu ya mabati yetu, baba alitazama saa yake ya mkononi, akasema, "Hii imechelewa dakika tisa," kisha akairudia chai yake.

Msomaji mpenzi, huenda ukajiuliza ndege zina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo, nami nitaueleza. Nilipokuwa mwaka wa tatu, mhadhiri wetu wa somo la istilahi alimtaka kila mwanafunzi achague uwanja wa maarifa ambao haujaandikiwa sana kwa lugha yetu, akusanye dhana thelathini za uwanja huo na kuzipendekezea istilahi. Wenzangu walichagua kilimo, benki, soka na tarakilishi. Mimi nilichagua upimaji wa ufanisi wa mashirika ya ndege. Waliponiuliza sababu, niliwaambia kwamba nilitaka jambo geni. Sikuwaambia ukweli. Ukweli ni kwamba tangu mwezi wa Agosti mwaka wa 2014 nilikuwa na kesi dhidi ya dakika kumi na mbili, nami sikuwa nimepata mahakama ya kuipeleka.

Niliianza kazi ile kwa hamaki. Nilidhani vipimo vya mashirika ya ndege ni njama ya matajiri. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyolazimika kukiri kwamba vingi vyavyo vina mantiki. Chukua kipimo cha msingi kabisa. Shirika la ndege haliuzi ndege, wala haliuzi kiti. Huuza safari ya kiti kimoja kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo wataalamu huzidisha idadi ya viti kwa umbali, wakapata kile nilichokiita kilomita-kiti. Ndege yenye viti 96 inayoruka kutoka Nairobi hadi Mombasa, umbali wa kadiri ya kilomita 420 angani, huwa imezalisha kilomita-kiti 40,320. Ikiwa imebeba abiria 72, kilomita zilizouzwa ni 30,240. Gawanya hizi kwa zile, nawe utapata asilimia 75. Hicho ndicho kiwango cha ujazaji, na hakuna mkutano wa wakurugenzi wa shirika la ndege unaomalizika bila kukitaja.

Kiti kitupu hakina kesho. Muuza nyanya wa Gikomba ambaye hakuuza leo anaweza kupunguza bei kesho asubuhi, lakini kiti kilichopaa kitupu kimepotea milele. Ndiyo maana asilimia hizi hufuatiliwa kama mapigo ya moyo wa mgonjwa. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, mwaka wa 2024 mashirika ya dunia yalijaza asilimia 83.5 ya nafasi yake, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla ya hapo. Mashirika ya Afrika yalifikia asilimia 74.5. Kwa Afrika hiyo ilikuwa rekodi, ilhali miongoni mwa maeneo yote ya dunia ilikuwa ya mwisho. Msomaji na aone jinsi tarakimu moja inavyoweza kuwa sherehe na matanga kwa wakati mmoja, kutegemea imewekwa kando ya nini.

Hata hivyo, ndege iliyojaa si lazima iwe ndege yenye faida. Ukiuza tiketi kwa bei ya kutupa utaijaza ndege na kuifilisi kampuni. Hivyo basi, kando ya ujazaji huwekwa kipimo cha gharama: kila kilomita-kiti iligharimu senti ngapi, nayo iliingiza ngapi? Fauka ya hayo, huhesabiwa saa ambazo kila ndege huruka kwa siku, maadamu ndege iliyoegeshwa hula bila kuzalisha. Historia ya Kenya Airways ni darasa tosha. Shirika hilo liliundwa mwaka wa 1977, baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2015 lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Likajikokota hadi mwaka wa 2024, likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Katika nusu ya kwanza ya 2025 likarejea kwenye hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba baadhi ya ndege zake kubwa za Boeing 787 zilikuwa chini kwa uhaba wa injini. Abiria walikuwapo. Mbawa za kuwabeba ndizo zilizokuwa zimekaa kitako.

Kutokana na hayo tunakifikia kipimo kilichoitawala nyumba yetu, yaani muda. Tangu ndege isimame hadi iondoke tena, kuna dakika za kuwashusha abiria, kupakua masanduku, kufagia, kujaza mafuta, kupakia na kufunga milango. Kadiri dakika hizo zinavyopungua ndivyo ndege inavyopata safari nyingi zaidi kwa siku. Kisa kinachosimuliwa mno katika taaluma hii ni cha shirika la Southwest, jimboni Texas, Marekani. Mwaka wa 1972 shirika hilo lilikuwa changa, lenye ndege nne za Boeing 737 na uhaba mkubwa wa fedha. Likauza ndege moja, lakini halikutaka kupunguza safari zake. Ndege tatu zingeweza kuifanya kazi ya nne ikiwa tu kila moja ingehudumiwa kwa dakika kumi. Wafanyakazi wakajifunga vibwebwe, kila aliyekuwa karibu akatia mkono, na dakika kumi zikatosha. Vyuo vya biashara hufundisha kisa hicho kama muujiza. Mimi nilipokisoma nilijikuta nikiuliza mizigo ilipakiwa na wangapi.

Baba alipewa dakika arobaini. Alikuwa akizitaja kwa fahari, kama mkulima anavyotaja magunia. Alitufundisha kwamba saa ya kuondoka huhesabiwa pale vizuizi vya magurudumu vinapotolewa na ndege kuanza kusukumwa nyuma. Alitufundisha pia kwamba ndege iliyochelewa kwa chini ya dakika kumi na tano huhesabiwa kuwa haikuchelewa. Nilipokuwa mtoto niliona huo ni uongo wa watu wazima. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndicho kipimo kinachotumika katika sehemu nyingi za dunia, na kwamba Wizara ya Uchukuzi ya Marekani imekuwa ikichapisha takwimu za namna hiyo tangu mwaka wa 1987 ili abiria wajue shirika lipi hutimiza ahadi. Nilisoma vilevile kwamba mashirika hujifunza kukicheza kipimo hiki: safari ya angani ya dakika arobaini na tano huandikwa kwenye ratiba kuwa takriban saa nzima, almuradi ndege ikifika ionekane imewahi.

Kila kuchelewa hupewa namba ya sababu. Orodha ya namba hizo ni ya IATA, nayo ni lugha kamili yenye msamiati wake. Namba 93 ina maana kwamba ndege yenyewe ilichelewa kuwasili kutoka safari iliyotangulia. Namba 32 ni ya upakiaji na upakuaji. Nyumbani kwetu namba hii ya pili iligeuka kuwa nahau. Mama akiunguza ugali, baba alisema, "Hiyo ni thelathini na mbili yako." Nikivunja kikombe, nilibebeshwa thelathini na mbili. Tulicheka sana. Hatukujua namba hiyo ingekuja kutubisha hodi.

Siku hiyo ya Agosti nilikuwa likizoni, darasa la saba. Zamu ya baba ilikuwa na watu wanne badala ya sita, kwa kuwa kampuni iliyowaajiri, ambayo sitaitaja, ilikuwa imepunguza wafanyakazi ili kushusha gharama. Ndege ilikuwa imewasili ikiwa imejaa. Walipakua, wakaanza kupakia, msimamizi akiwa amesimama kando na saa mkononi. Toroli la mizigo lilirudishwa nyuma kwa pupa, likambana baba mguu wa kushoto dhidi ya mkanda unaopandisha masanduku kwenye tumbo la ndege. Wenzake walimvuta kando, wakamlaza chini ya kivuli cha bawa. Mmoja akabaki naye hadi machela ilipofika, wawili wakaimalizia kazi. Milango ikafungwa, vizuizi vikatolewa, ndege ikaenda zake.

Mama nami tulimkuta hospitalini usiku, mguu umefungwa, uso umesawijika. Msimamizi wake alikuja na mkate na chupa ya soda. Baba hakumuuliza lolote juu ya mguu wake. Alimuuliza, "Ilitoka?"

"Ilitoka, Mzee," msimamizi akajibu. "Dakika kumi na mbili tu. Tuko ndani."

Baba akatabasamu. Tabasamu lile ndilo nililoshindwa kulisamehe. Kwa kipimo cha dakika kumi na tano, ndege iliondoka kwa wakati. Abiria walifika salama, huenda mmoja wao aliwahi harusi na mwingine mazishi, na mwisho wa mwezi safari ile ikaongezwa kwenye asilimia ya ndege zilizotimiza ahadi. Katika daftari la ndani, dakika zile kumi na mbili ziliandikiwa namba 32. Mguu wa baba haukuandikwa katika lolote kati ya madaftari hayo mawili. Kampuni ililipia matibabu. Miezi sita baadaye iliona kwamba hakuna kazi nyepesi ya kumpa, ikaachana naye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ni kwa moyo huo nilipoianza kazi ya istilahi. Nilikwama kwenye dhana ya kwanza. Kamusi na vitabu vyetu hutupa neno "ufanisi", nasi hulitumia bila kufikiri. Mhadhiri wetu alikuwa ametuonya kwamba istilahi isiyochunguzwa ni sawa na chakula kisichooshwa, kwa hiyo nilirudi kwenye mzizi. Ufanisi unatokana na kufana. Twasema sherehe ilifana pale wageni waliporudi kwao wameridhika, wenyeji wamepata sifa, na hakuna aliyeumia wala kutukanwa. Sijamsikia mtu akisema sherehe ilifana kwa sababu wali ulipikwa kwa kuni chache. Kuni chache ni jambo jema, lakini jina lake ni jingine. Lugha yetu ina neno "tija", ambalo hutazama kilichopatikana kwa kulinganisha na kilichotumiwa. Kwa hiyo nilipendekeza kwamba kilomita-kiti, ujazaji, gharama na dakika ziitwe vipimo vya tija, na neno ufanisi litunzwe kwa ajili ya jumla, pale ambapo mtu ameuliza pia nani alifika, katika hali gani, na kwa jasho la nani.

Rafiki yangu mmoja anayesomea takwimu alinicheka. Alinieleza kwamba wanahisabati wameshalifikiria hilo. Mwaka wa 1978 Charnes, Cooper na Rhodes walitoa mbinu inayoweza kupima pembejeo nyingi na mazao mengi kwa pamoja, na wachunguzi wengi wameitumia kwa mashirika ya ndege. Pembejeo ni wafanyakazi, mafuta na ndege. Mazao ni abiria na mizigo iliyosafirishwa. Mbinu hiyo huyatafuta mashirika yaliyozalisha zaidi kwa kutumia kidogo, ikayafanya kuwa mpaka, kisha kila shirika lililosalia likapimwa liko umbali gani na mpaka huo. Nilivutiwa nayo. Lakini nilimwonyesha rafiki yangu mambo mawili. Kwanza, mpaka huchorwa na waliomo kwenye orodha tu, na asiyetembea hudhani mamake ndiye mpishi bora. Pili, ndani ya mbinu hiyo mfanyakazi ni pembejeo, kama mafuta. Zamu ya watu wanne iliyofanya kazi ya sita huonekana kuwa na tija zaidi. Kwa hesabu hiyo, siku baba alipoumia ilikuwa siku njema. Rafiki yangu hakucheka tena. Alisema kwamba hesabu hujibu swali iliyoulizwa, na kwamba anayetaka jibu jingine sharti aongeze safu nyingine kwenye jedwali.

Nilimpelekea baba rasimu yangu mwishoni mwa muhula. Siku hizi ana kibanda cha kuuza mkaa na mafuta ya taa, huchechemea kidogo, na bado ana ile saa. Nilitarajia anipongeze kwa kumtetea. Alisoma polepole, akavua miwani, akaniambia nimekosea.

"Umekifanya kipimo kuwa adui," alisema. "Wewe hukuwapo kabla ya madaftari. Zamani ndege ikichelewa, aliyelaumiwa alikuwa mpakiaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na hakuwa na tai shingoni. Tulipoanza kuandikiwa namba, ikaonekana kwamba mara nyingi ndege zilikuja zikiwa zimechelewa tayari. Daftari ndilo lililotutetea. Ulidhani nilitabasamu kwa nini hospitalini? Tulikuwa wanne, na bado tuliitoa ndani ya muda. Hiyo ni kazi yangu. Usininyang'anye."

Nilinyamaza. Miaka yote ile niliichukulia fahari yake kuwa upofu. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kudhulumiwa na bado akawa na haki ya kujivunia kazi aliyoifanya siku ile ile ya dhuluma.

Kisha akaifungua rasimu kwenye ukurasa wenye namba 32. "Tatizo liko hapa," akasema. "Soma maelezo yake." Nilisoma. Namba hiyo moja hubeba upakiaji wa polepole, mzigo mkubwa au wa aina ya pekee, na pia upungufu wa wapakiaji. "Unaona? Mvivu na mchache wamepewa jina moja. Bosi akisoma thelathini na mbili anaona uvivu. Sisi tukiisoma tunaona watu wawili ambao hawakuletwa. Kama unajua maneno, tupe maneno mawili."

Wanafunzi wenzangu, nimehudhuria makongamano kadhaa ambapo tulijadili kwa kina iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia. Mara nyingi tumelijibu swali hilo kwa kuunda majina ya mashine. Baba, ambaye hakuvuka kidato cha pili, alinifunza kwamba kazi ya istilahi ina uzito zaidi ya huo. Palipo na neno moja kwa mambo mawili, mwenye nguvu ndiye huchagua maana, na mnyonge hubeba lawama. Mwanaisimu anayezitenganisha dhana mbili anaweza kumwokolea mtu kazi yake, au hata mguu wake, ijapokuwa hatamwona kamwe. Itafaa tuwaendee wapakiaji, wauguzi, makuli wa bandarini na wachuma chai, tuwaulize kazi zao hupimwa vipi na nini hakiandikwi, kabla hatujajifungia maktabani na kamusi zetu.

Niliisahihisha rasimu. Nilifuta kurasa mbili za hasira. Niliitenga namba 32 katika istilahi mbili, "ucheleweshaji wa upakiaji" na "uhaba wa wapakiaji". Na mwishoni mwa orodha ya dhana thelathini nilizoombwa, niliongeza ya thelathini na moja: "mikono kwa ndege", yaani idadi ya wapakiaji waliokuwapo kwa kila ndege iliyohudumiwa. Nilieleza kwamba kipimo hicho kiandikwe kando ya dakika, katika mstari ule ule, ili asomaye dakika kumi na mbili asome pia mikono minane.

Mhadhiri alinirudishia kazi yangu baada ya wiki mbili. Kando ya istilahi ya thelathini na moja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Dhana hii umeitoa kitabu gani?" Nilimwendea ofisini nikamweleza kwamba haijaingia kitabuni bado. Akanitaka niketi, nimsimulie.